Wanavijiji wa Babati na Sera ya Misitu ya Taifa

Wahenga walisema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo aghalabu hutajwa katika mambo ya nyumbani, lakini ndani yake mna kanuni inayowahusu pia watungaji wa sera za nchi. Kisa cha msitu wa Duru-Haitemba, katika wilaya ya Babati kaskazini mwa Tanzania, chaonyesha jinsi kanuni hiyo ifanyavyo kazi, na hasara ipatikanayo inaposahauliwa.

Hifadhi iliyoharakisha uharibifu

Duru-Haitemba ni msitu wa miyombo uliotanda juu ya vilima, wenye eneo la hekta zipatazo 9,000. Umezungukwa na vijiji vinane, vikiwemo Ayasanda, Gidas na Riroda. Kwa vizazi vingi wakazi wa vijiji hivyo, ambao wengi wao ni Wagorowa na Wairaqw, walipata humo kuni, miti ya kujengea, asali, dawa, malisho ya kiangazi na maji ya chemchemi.

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 hali ya msitu ilikuwa ikizorota. Serikali ikaamua kutumia njia iliyozoeleka tangu enzi ya ukoloni, yaani kupima mipaka, kuutangaza msitu kuwa hifadhi yake, na kuweka walinzi. Nia ilikuwa njema, bali matokeo yakawa kinyume. Wanavijiji walipoona upimaji ukiendelea, walitambua kuwa msitu haungekuwa wao tena. Wengi wakaona heri kuchukua walichoweza kabla ya mlango kufungwa. Miti ikakatwa kwa kasi zaidi kuliko awali, na walinzi wachache wa wilaya hawakuwa na uwezo wa kuwazuia watu wa vijiji vinane.

Ndipo maafisa misitu, wakisaidiwa na mradi wa ardhi uliofadhiliwa na Sweden, walipobadili mwenendo. Badala ya kupeleka amri vijijini, walikwenda kuuliza: je, wanavijiji wangekuwa tayari kuulinda msitu endapo ungekuwa mikononi mwao? Mikutano ikafanyika kijiji hadi kijiji. Mwaka 1994 mpango wa kuufanya msitu kuwa hifadhi ya Serikali ukasimamishwa, na kila kijiji kikakabidhiwa sehemu yake.

Kanuni zilizotoka mkutanoni

Wanavijiji hawakuanza kwa kugawana miti, bali kwa kujiwekea makatazo. Walipiga marufuku uchomaji wa mkaa, ufyekaji wa mashamba mapya msituni, na ubanduaji wa magome kwa ajili ya mizinga. Kuni kavu ziliruhusiwa. Malisho yakatengewa maeneo yake, na sehemu zilizochakaa zikafungwa ili zipumzike. Vijana waliochaguliwa na vijiji wakaanza kufanya doria. Kanuni hizo zikaandikwa kuwa sheria ndogo za kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya, kwa mamlaka ya sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982. Hivyo mvunjaji hakukemewa tu, bali aliweza kutozwa faini.

Baada ya muda mfupi uchomaji wa mkaa ulipungua, na machipukizi yakaanza kuonekana palipokuwa pamekatwa. Kazi iliyowashinda walinzi wa kuajiriwa ilifanywa na watu waliojua kila njia ya msituni, na waliomfahamu kila mwenye shoka.

Sayansi yasemaje?

Mwaka 1968 mwanabiolojia wa Marekani, Garrett Hardin, alichapisha makala iliyopata umaarufu mkubwa. Alitoa mfano wa malisho yaliyo wazi kwa wafugaji wote. Kila mfugaji akiongeza ng'ombe mmoja, faida yote ni yake, lakini hasara ya malisho kuchakaa hugawanywa kwa wote. Kwa hiyo kila mmoja huongeza, na mwishowe malisho huangamia. Wengi walihitimisha kuwa mali ya pamoja haina budi kumilikiwa na Serikali au na mtu binafsi.

Elinor Ostrom, mtaalamu wa siasa wa Chuo Kikuu cha Indiana, alichunguza jamii halisi na kukuta picha nyingine. Katika kijiji cha Törbel, Uswisi, kanuni ya mwaka 1517 ilimkataza mkazi kupeleka katika malisho ya mlimani ng'ombe wengi kuliko alioweza kuwalisha majira ya baridi. Malisho hayo yalidumu kwa karne nyingi. Katika kitabu chake cha mwaka 1990, Ostrom alionyesha kuwa mali ya pamoja hudumu pale mipaka yake inapojulikana, watumiaji wanaposhiriki kutunga kanuni, walinzi wanapowajibika kwao, na Serikali inapoitambua haki yao ya kujipangia. Utafiti huo ulimpatia Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009. Hardin mwenyewe, mwaka 1994, alikiri kuwa maangamizi aliyoyaeleza ni ya mali ya pamoja isiyo na usimamizi.

Kutoka kijijini hadi Bungeni

Mafanikio ya Babati hayakuishia vilimani. Vijiji vya msitu wa Mgori, mkoani Singida, vilifuata njia hiyohiyo. Sera ya Misitu ya mwaka 1998 ikakubali usimamizi wa wananchi, na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 ikautambua rasmi msitu wa hifadhi wa kijiji. Hapa sera haikuteremka kutoka juu. Jaribio la kijiji ndilo lililoifunza nchi.

Hata hivyo, njia hii ina matatizo yake. Mpango wa usimamizi na upimaji huhitaji fedha na utaalamu ambao vijiji vingi havina. Kamati nazo zaweza kutekwa na wachache wenye nguvu, ilhali wanawake, ambao ndio wakusanyaji wakuu wa kuni, wakakosa sauti. Kuwaita watu mkutanoni si sawa na kuwashirikisha. Ushirikishwaji huanza pale neno la mwananchi linapoweza kubadili uamuzi.

Wanafunzi waweza kulipima jambo hili katika mazingira yao. Wachague mali moja ya pamoja, iwe kisima, malisho, kichaka au mfereji, kisha wachunguze ni nani huitumia, ni nani alitunga kanuni zake, na ni nani huadhibu anayezivunja. Majibu ya maswali hayo matatu yataeleza mengi kuhusu hali ya mali hiyo baada ya miaka kumi.