Usiifute picha ya giza, rangi zimo ndani

NI mara ngapi, msomaji mpenzi, umepekua simu nzima ukitafuta picha moja tu ya nyanya, na ile uliyoipata ikawa giza tupu? Kitambaa cha kichwa kinaonekana kwa mbali, meno yanaonekana kwa sababu alikuwa akicheka, na nyuma yake dirisha limewaka kama jua la saa saba. Uso wenyewe haupo. Jambo hili huwa halimsumbui mtu hadi siku jamaa wanapoketi kwenye kikao cha matanga na kuulizana ni picha gani itakayotiwa kwenye jalada la ratiba ya mazishi. Hapo ndipo wanapogundua kwamba ile ya giza ndiyo pekee iliyopo.

Kabla hujaifuta, ngoja kidogo. Katika picha nyingi za aina hiyo rangi hazikupotea. Zimejificha kivulini, na ziko programu za kuzitoa, nyingine zikiwa za bure. Hata hivyo, kazi hiyo ina utaratibu wake, na wengi huianzia mwisho.

Kwanza tuone giza lenyewe hutoka wapi. Kamera, iwe ya simu au ile ya kuning'inizwa shingoni, haijui inamtazama nani. Hupima mwanga ulio mbele yake na kujaribu kuufanya wa wastani, usiwe mweupe mno wala mweusi mno. Ukimketisha nyanya mgongo dirishani, dirisha ndilo litakalotawala kipimo hicho. Kamera itapunguza mwanga ili dirisha lisiungue, na nyanya azame.

Kwa watu wenye ngozi nyeusi, msomaji, jambo hili lina historia ndefu zaidi. Kwa miongo mingi maabara za kusafisha picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo zilijulikana kwa jina la Shirley, ambalo ni la mfanyakazi mmoja wa kampuni ya Kodak aliyepigwa picha za mwanzo. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Canada, aliichimbua hadithi hiyo katika makala aliyoichapisha mwaka wa 2009. Anaeleza kwamba miongoni mwa waliosukuma filamu irekebishwe ni watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao, waliolalamika kwamba rangi za kahawia hazitofautiani kwenye matangazo yao. Naam, chokoleti na meza! Katika miaka ya 1990 Kodak ilikuja kutoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali, na mwaka wa 2021 kampuni ya Google ilizindua simu za Pixel 6 zikiwa na teknolojia iliyoitwa Real Tone, ambayo kusudi lake ni ngozi nyeusi kutoka ilivyo. Kwa hivyo yule aliyekuambia kuwa wewe "hutoki vizuri kwenye picha" hakuwa na habari kamili.

Sasa turejee kwa nyanya. Picha iliyo ndani ya simu yako imeundwa kwa vidoa vidogo mno viitwavyo pikseli. Kila kimoja hubeba namba tatu, ya wekundu, ya ukijani na ya ubuluu, na kila namba huanzia 0 hadi 255. Chukua leso nyekundu. Ikipigwa picha juani, kidoa kimoja chaweza kuwa na 200 za wekundu, 30 za ukijani na 40 za ubuluu. Leso hiyo hiyo ikiwa ndani ya nyumba isiyo na taa, huenda kidoa hicho kikashuka hadi 20, 3 na 4. Jicho lako litasema ni nyeusi. Lakini tazama vizuri: wekundu ungali mbele kwa kadiri ile ile. Programu ikizizidisha namba hizo, leso inarudi. Kama namba ni 0, 0, 0, basi hapo hakuna cha kurudisha, kwani sufuri mara kumi ni sufuri.

Programu ni nyingi. Photoshop, iliyoanzishwa na ndugu wawili, Thomas na John Knoll, na kuingia sokoni mwaka wa 1990, ndiyo mashuhuri kuliko zote lakini ni ya kulipia. Mwenye kompyuta anaweza kuchukua GIMP, ambayo ilitolewa mwaka wa 1996 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ni ya bure. Mwenye simu tu atosheke na Snapseed ya Google, nayo ni ya bure. Mbinu ni zile zile, hata kama vitufe vimepangwa kwa namna tofauti.

Anza kwa kuitafuta picha ya asili. Iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshapunguzwa, na kinachotupwa mara nyingi ni yale mambo madogo ya kivulini unayoyahitaji. Mwombe binamu aliyeipiga akutumie tena kama hati, yaani "Document", ndipo itakapofika nzima. Kisha itolee nakala, ufanyie kazi nakala hiyo, na ile ya kwanza usiiguse.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wakiona giza hukimbilia "Brightness" na kuivuta hadi mwisho. Kitufe hicho huinua kila kitu pamoja: uso unapanda, lakini dirisha nalo linageuka kuwa shimo jeupe na ukuta unapauka. Tafuta kilichoandikwa "Shadows". Hiki huinua sehemu zenye kivuli na kuyaacha yale yaliyo na mwanga wa kutosha. Kivute polepole. Utaona kwanza ncha ya pua, halafu shavu, halafu maua ya leso. Ukifika mahali ambapo nywele nyeusi zinageuka kuwa kijivu kama moshi, umepitiliza. Rudi nyuma kidogo, kisha ongeza "Contrast" kiasi cha chumvi kwenye mboga.

Usishangae ukiona chengachenga za rangi zikijitokeza kwenye vivuli. Mahali pale kamera ilipata mwanga haba, na programu inapouzidisha mwanga huo huzidisha pia makosa yaliyomo. Zipo zana za kulainisha chenga, ila ukizitumia kwa wingi uso hugeuka kuwa wa plastiki. Afadhali chenga chache kuliko nyanya asiye na makunyanzi.

Kabla ya kutia rangi, chunguza rangi ya mwanga wenyewe. Koroboi na balbu za kizamani hutoa mwanga wa manjano, na ukiziongeza rangi hapo hapo utaongeza umanjano pia. Kitufe kinachohusika huitwa "White Balance". Kionyeshe kitu unachojua ni cheupe, kama vile kikombe au kitambaa cha meza, nacho kitasawazisha vingine vyote. (Shati la shule lililosuuzwa kwa buluu ya kufulia si shahidi wa kuaminika sana.)

Rangi sasa. "Saturation" huziongeza rangi zote kwa kipimo kimoja, zilizokolea na zilizofifia, na ndiyo sababu nyuso nyingi mtandaoni zimegeuka kuwa za machungwa. Katika Lightroom na baadhi ya programu nyingine kuna "Vibrance", ambayo huzisaidia zaidi zile zilizofifia na kuihurumia ngozi. Ukiwa nayo, anza nayo. Ukiwa na Snapseed, tumia "Saturation" kidogo sana, halafu chukua zana iitwayo "Selective", uguse leso peke yake na kuiongezea hapo. Fanya hivyo na kwenye uso ikiwa bado umezama, lakini huko inua mwanga tu, si rangi.

Kuna mtego mmoja ambao ni lazima niuseme bila kuficha. Kuangaza uso si kuuchubua. Vichujio vingi vya urembo vilivyomo kwenye simu hulainisha ngozi na kuing'arisha bila hata kuulizwa, na mtu mweusi wa kupendeza hutoka akiwa maji ya kunde. Watoto wa wajukuu watakuja kuiona picha hiyo na kuamini kwamba ndivyo alivyokuwa. Hatari nyingine ni programu za akili unde zinazoahidi kurudisha uso uliopotea. Pale kwenye 0, 0, 0 haziwezi kujua palikuwa na nini, kwa hivyo hubuni. Utaletewa mwanamke mzuri, mwenye macho maangavu, ambaye si nyanya yako. Mwite mtu aliyeishi naye, shangazi au mama, umwonyeshe picha bila kumwambia ulichofanya. Akisita, rudi nyuma hatua mbili.

Na usiharakishe kwenda kuchapisha. Kioo cha simu huwaka chenyewe, karatasi haiwaki, kwa hivyo picha inayong'aa mkononi mwako hutoka imefifia ikichapishwa. Mwambie kijana wa saiba atoe nakala moja kwanza, uitazame nje mchana, ndipo mchapishe zile mia mbili. Ikionekana nzito, inua vivuli tena kidogo.

Je, kama nyanya yungali hai? Basi wikendi hii mna kazi rahisi zaidi. Kiti chake kigeuzeni, mlango au dirisha liwe mbele ya uso wake badala ya mgongoni. Au mtoeni nje asubuhi, akae kwenye kivuli cha ukuta akitazama upande wenye mwanga, kwani jua la adhuhuri huchimba mashimo meusi chini ya nyusi. Kwenye simu nyingi ukiugusa uso wake pale kwenye kioo, kamera itampima yeye, si mbingu iliyo nyuma yake. Pigeni tano au sita, na muulizeni kama ile leso nyekundu bado anayo.