Sauti Isiyotoka Kinywani mwa Mwenyewe

Akili unde zalishi, yaani programu za kompyuta zinazojifunza kutokana na wingi wa picha, maandishi na sauti kisha zikatunga nyingine zinazofanana nazo, zimewezesha sura ya mtu kuundwa bila yeye kupigwa picha, na sauti yake kusikika bila yeye kufumbua kinywa. Ujumbe mfupi wa sauti uliotumwa katika kundi la WhatsApp la wakulima wa Kibakwe, wilayani Mpwapwa, unaweza kugeuzwa ombi la fedha, na jamaa aliyeko Dodoma mjini akatuma bila kusita kwa sababu anayesikika ni mjomba wake.

Nchini Tanzania, tapeli wa namna hiyo ana sheria yake: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakwenda mbali zaidi, kwani inamtaka anayekusanya taarifa za mtu anayetambulika aeleze anazitakia nini na asizitumie kwa jambo jingine.

Nchini Kenya, mwezi Septemba 2023, mamlaka ya ulinzi wa data iliutoza ukumbi mmoja wa starehe wa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Lakini ile ilikuwa picha halisi. Picha iliyobuniwa na mashine humpa mshtakiwa mwanya wa kudai kwamba hakuna taarifa ya mtu yeyote iliyochukuliwa.

Mwanya huo ni mpana zaidi pale anayeigwa anapokuwa msanii. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuufikisha muziki wa ala za ilimba na zeze duniani, aliacha kanda zinazolindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, ambayo hulinda uimbaji uliorekodiwa, si mkwaruzo wa koo lenyewe. Wimbo mpya unaoiga koo hilo haukamatiki kirahisi, ingawa kunakili kanda hizo ili kuifunza programu ni hoja nyingine, tena nzito.

Jimbo la Tennessee, Marekani, liliziba pengo hilo mwaka 2024 kwa kuitaja sauti waziwazi katika sheria yake, na mwaka 2025 serikali ya Denmark ikapendekeza kila raia, awe msanii au asiwe, apewe haki juu ya mwili, sura na sauti yake. Pendekezo la Denmark ndilo linalomfaa zaidi mkulima wa Kibakwe, ambaye hana albamu ya kuonyesha mahakamani.