Nani Ausome Muswada wa Kitabibu Kabla Haujachapishwa?

Tarehe 22 Mei 2020, jarida la The Lancet la London lilichapisha utafiti uliodai kwamba wagonjwa wa korona waliopewa klorokwini au hidroksiklorokwini walifariki kwa wingi kuliko wasiopewa. Takwimu zilisemekana kutoka kwa wagonjwa 96,032 katika hospitali 671 za mabara sita. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza kusitisha kwa muda majaribio yake ya hidroksiklorokwini. Kufikia tarehe 4 Juni, waandishi watatu kati ya wanne walikuwa wameiondoa makala, kwa sababu Surgisphere, kampuni ya Marekani iliyodai kumiliki takwimu hizo, ilikataa kuzitoa zikaguliwe.

Makala ile ilikuwa imepita kwa wahakiki. Kwa hiyo inafaa kujiuliza: muswada wa aina hiyo unapaswa kusomwa na nani?

Wengi watajibu kwamba ni bingwa wa ugonjwa wenyewe. Jibu hilo halitoshi, kwa kuwa muswada mmoja hubeba maswali ya fani mbalimbali. Kuna swali la tiba: je, dozi na madhara ya dawa kwa moyo vimeelezwa sawasawa? Kuna swali la takwimu: je, waliopewa dawa wamelinganishwa kwa haki na wasiopewa? Halafu kuna asili ya takwimu: nani alizikusanya, kwa mfumo gani, kwa ruhusa ya nani? Ni nadra mtu mmoja kuyamudu yote matatu.

Swali la mwisho ndilo lililouangusha utafiti ule. Katika muda wa wiki moja tu, wanasayansi zaidi ya 100 walitia saini barua ya wazi. Walionyesha kwamba, kwa hesabu za makala, karibu asilimia 25 ya wagonjwa wote wa korona Afrika na asilimia 40 ya vifo vilitokea katika hospitali zenye mfumo wa kisasa wa kompyuta uliounganishwa na kampuni hiyo. Daktari aliyezoea mafaili ya karatasi katika hospitali ya wilaya angeshtuka kuona hesabu hizo. Septemba 2020 The Lancet ilibadili utaratibu wake: tafiti zinazotegemea hazina kubwa za takwimu za wagonjwa zisomwe na angalau mhakiki mmoja anayezijua takwimu za aina hiyo.

Hata wahakiki hodari hupitwa na mengi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1998, wahariri wa jarida la BMJ walipachika kasoro 8 kwa makusudi katika muswada na kuutuma kwa wahakiki. Kwa wastani, kila mmoja alitaja 2. Tena wahakiki watatu wa fani moja wanaweza kuona kasoro zilezile, na nyingine zikawapita wote.

Mhariri makini huanza kwa kuorodhesha maswali ya muswada, kisha hulitafutia kila swali mtu wake. Zipo programu zinazolinganisha muhtasari wa muswada na makala zilizo katika PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, zikapendekeza majina. Zinafaa kwa kuanzia, ila hunasa mada kuliko mbinu: ukiandika malaria, zitakuletea wataalamu wa mbu, wa chanjo na wa vinasaba kwa pamoja. Pia huwapa nafasi waliochapisha mengi, na mtafiti kijana wa Kilifi au Ifakara anayejua takwimu za zahanati zinavyojazwa akasahaulika.

Kisha huja uchujaji. Aliyeandika na mwandishi karibuni, anayefanya naye kazi, au mwenye maslahi katika dawa inayochunguzwa, huwekwa kando. Wanaopendekezwa na mwandishi watazamwe kwa uangalifu: utafiti wa mwaka 2006 katika jarida la JAMA ulionyesha kuwa tathmini zao zina ubora sawa na za wengine, lakini huelekea zaidi kushauri muswada ukubaliwe. Anwani zao pia zithibitishwe. Mwaka 2015 BioMed Central iliondoa makala 43 zilizohusishwa na uhakiki wa kughushi.

Majarida yetu ya tiba yaanze na daftari la wahakiki lenye safu tatu: ugonjwa anaoujua mtu, mbinu za utafiti anazozimudu, na mazingira ya huduma aliyofanyia kazi. Safu hiyo ya tatu mara nyingi haipo, na ndiyo inayoweza kumfikia muuguzi mtafiti ambaye jina lake halimo katika orodha ya mabingwa.