Kwa nini nembo za modeli huingia ukungu, na jinsi ya kuuzuia

Modeli ya ndege ya Spitfire ya kipimo cha 1:72 ina karibu sentimita 15.6 kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine. Kuiunganisha na kuipaka rangi huchukua jioni nyingi. Inayobaki ni kuweka alama za duara za jeshi la anga la Uingereza na herufi za kikosi, na hapo ndipo wengi huvunjika moyo. Nembo ikikauka, chini yake hutokea ukungu mweupe unaometameta kama fedha, na ndege inaonekana imebandikwa makaratasi.

Lawama huiangukia nembo. Mara nyingi tatizo liko kwenye rangi iliyo chini yake.

Nembo hizi ni nini?

Huitwa dekali, na si stika za kubandua na kubandika. Chini kuna karatasi, juu yake gundi inayoyeyuka majini, kisha utando mwembamba wa vanishi uliobeba wino. Karatasi ikilowa, gundi huyeyuka na utando huteleza. Maua mengi unayoyaona kwenye vikombe vya kauri huwekwa kwa njia hiyohiyo, kisha chombo huchomwa kwenye tanuri ili rangi ishike. Plastiki haichomeki, hivyo utando lazima ulale vizuri tangu mwanzo.

Ukungu unatoka wapi?

Rangi isiyong'aa ina uso wenye mikwaruzo midogo sana isiyoonekana kwa macho. Utando ukilala juu yake, hewa hunaswa katikati. Mwanga ukiipiga hewa hiyo hurudi, nasi tunaona weupe. Kwa hiyo, paka kwanza vanishi inayong'aa na uiache ikauke kabisa, ikiwezekana usiku kucha. Uso ukiwa laini, hewa haina pa kujificha.

Hatua kwa hatua

1. Kata dekali moja tu, karibu na ukingo wa mchoro.
2. Ishike kwa kibano, iloweke kwenye maji ya vuguvugu kwa sekunde 15 hadi 30, kisha iweke pembeni kwa dakika moja. Usiivute kwa nguvu. Ikiwa tayari itateleza yenyewe.
3. Lowesha mahali pa kuiweka, isogeze kwa brashi yenye maji hadi ikae sawa.
4. Kausha maji kwa kijiti cha pamba, ukianzia katikati kwenda pembeni.

Kwenye sehemu zilizopinda, kama bega la mwanajeshi mdogo, maji peke yake hayatoshi. Kampuni ya Microscale ya Marekani hutengeneza Micro Set, yenye harufu ya siki, ya kupaka chini ya dekali, na Micro Sol ya kupaka juu ili kulainisha utando. Baada ya Micro Sol, dekali inaweza kujikunja. Usiiguse! Ikikauka hujinyoosha na kufuata umbo la modeli. Dawa za kulainisha zina nguvu tofauti, hivyo jaribu kwanza kwenye dekali usiyoihitaji.

Tahadhari mbili

Dekali za zamani huweza kuvunjika vipande majini. Jaribu moja isiyo muhimu. Ikivunjika, zilizobaki zipulizie vanishi angavu kabla ya kuzikata.

Ukichapa zako kwa printa ya wino nyumbani, zifunike kwa vanishi kabla ya kuziloweka, la sivyo wino utachuruzika. Kumbuka pia kwamba printa hizo kwa kawaida hazina wino mweupe. Nembo ya rangi nyepesi kwenye karatasi angavu itapotea juu ya rangi nyeusi.

Kabla ya kumaliza, igeuzegeuze modeli chini ya taa. Ukiona ukungu, toboa hapo kwa ncha ya sindano na uongeze tone la kilainishi. Ukishatoweka na dekali kukauka, malizia kwa vanishi isiyong'aa.