Kenya na Mawe Yake ya Baharini

Tangu nirudi kutoka Kenya, watu wa kwetu Kaniha, Biharamulo, wananiuliza nchi ile ikoje. Nianze kwa utaratibu. Eneo lake ni kilomita za mraba 580,367, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 47,564,296. Ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Ina kaunti 47, na mji mkuu ni Nairobi. Mlima Kenya una urefu wa mita 5,199. Wanalima chai, kahawa, maua na mahindi. Treni mpya ya Nairobi hadi Mombasa ilianza kubeba abiria mwaka 2017. Niliipanda, nikafika salama.

Takwimu ziishie hapo, maana kilichonikaa moyoni ni Watamu.

Watamu iko Kaunti ya Kilifi, kusini kidogo ya Malindi. Nilifika ufukweni saa kumi jioni, bahari imejaa, nikaona visiwa vidogo vya mawe vimetulia kama vyombo vilivyotia nanga, juu vimeota vichaka. Kesho yake saa nne asubuhi maji yalikuwa yamekupwa mbali, kwani zilikuwa siku za bamvua. Nilipotaka kuvua viatu, mvuvi mmoja akanizuia: "Usivue, kaka, mwamba huu unakata." Nikatembea kwa miguu hadi kwenye jiwe ambalo jana lilizungukwa na bahari.

Lilisimama kama uyoga: kichwa kipana, shina jembamba. Niliinama chini ya ukingo wake. Maji yalikuwa yakidondoka, kaa wakikimbilia nyufani, na jiwe lina makali kama mbuzi ya kukunia nazi. Nilipolitazama kwa karibu nikaona vijitundu vimepangana kama sega la asali yetu ya Biharamulo. Hayo ni matumbawe, yaliyokuwa hai zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Bahari iliposhuka, yakabaki nje yakiwa mwamba. Sasa mawimbi, chumvi na makombe wanaokwangua jiwe wanalila pale maji yanapofika kila siku, ndiyo maana shina linakonda.

Kazi hiyo bahari inaifanya duniani kote. Uskoti kuna nguzo ya mawe iitwayo Old Man of Hoy, yenye urefu wa mita 137. Australia, mojawapo ya nguzo za Twelve Apostles iliporomoka Julai 2005. Bahari huchonga, kisha huangusha ilichokichonga. Anayeiona nguzo imesimama ana bahati.

Wakenya wameithamini bahati hiyo: Watamu imekuwa hifadhi ya bahari tangu mwaka 1968. Sisi je? Mwanza tunakokwenda kila mara kuna mawe yaliyopandiana kwa namna ya kustaajabisha, na Jiwe la Bismarck limesimama ziwani. Wageni hutoka mbali kulipiga picha, nasi tunapita na mizigo bila kugeuza shingo. Mengine milimani tumeyavunja kuwa kokoto. Najua kokoto ni riziki ya watu, lakini mti ukikatwa huweza kuchipua. Jiwe likivunjwa haliwi tena.

Walimu wa Kaniha, mkiwapeleka watoto Mwanza, wasimamisheni kwanza mbele ya mawe yale. Waacheni wayatazame mpaka wao wenyewe waulize yalifikaje pale.