Land Rover Iliyo Juu ya Mawe: Inunuliwe au Iachwe?

Oktoba 2024, Land Rover kwa mamia zilikusanyika Arusha katika tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya magari hayo tu. Anayeziona zikipita zimepigwa rangi na kung'arishwa hukumbuka ile anayoijua yeye: iliyoachwa juu ya mawe nyuma ya misheni, kwenye uwanja wa halmashauri au kwa mzee aliyewahi kusafirisha abiria wa minadani. Bei inayotajwa huwa ndogo, na mwenye gari husema lilikuwa linatembea vizuri tu mpaka siku lilipoegeshwa.

Anayetaka kulinunua aanze kwa kuulizia chesisi na karatasi. Injini, giaboksi, viti na rangi ni mambo ya kutafuta, kutengeneza au kubadilisha. Gari ambalo chesisi yake imeliwa na kutu, au kadi yake haijulikani iko kwa nani, linaweza kumaliza akiba ya mtu kabla halijatoka uani.

Kisa cha chesisi hiyo kinaanzia Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Kampuni ya Rover ilihitaji gari la shambani wakati chuma kilikuwa kikitolewa kwa mgawo, huku alumini ikipatikana kwa urahisi zaidi. Gari lililoonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948 likawa na bodi ya aloi ya alumini juu ya chesisi ya chuma, na mpangilio huo ulidumu mpaka Defender ya mwisho ilipotoka kiwandani Solihull mwezi Januari 2016. Kenya iliziunganisha Thika, kwenye kiwanda kilichoanza kama Leyland Kenya na ambacho leo kinaitwa KVM. Polisi, hospitali, idara za wanyamapori na wakulima walizitumia kwa miongo mingi. Ndiyo maana miji kama Arusha na Maralal bado ina mafundi wanaoifungua Land Rover ya modeli ya 109 na kuifunga bila kitabu.

Alumini ndiyo inayowapoteza wanunuzi. Haioti kutu nyekundu, kwa hiyo gari la mwaka 1975 linaweza kuonekana zima kabisa huku chini likiwa limeoza. Chesisi ya Land Rover ni boksi la vipande bapa vya chuma vilivyochomelewa pamoja. Tope huingia ndani kupitia matundu, likakaa na unyevu wake, na kutu ikaanza kula kutoka ndani kuja nje. Rangi nyeusi iliyopakwa wiki iliyopita inaweza kuwa imeshikilia chuma chembamba kama karatasi.

Kwa hiyo mnunuzi alale chini ya gari akiwa na tochi na nyundo ndogo. Chuma kizima hulia kikigongwa. Kilichooza hutoa mlio butu, na mara nyingine nyundo hutumbukia. Sehemu za kugonga zinajulikana: boriti ya nyuma kabisa, mikono ya pembeni inayobeba bodi, na vishikio vya springi. Kisha afunue mazulia na kutazama mahali dereva anapoweka miguu, kwa kuwa ukuta ule unaobeba dashibodi na bawaba za milango ni wa chuma, wala si alumini. Unga mweupe palipogusana alumini na chuma unaonyesha kwamba maji yamekuwa yakiingia hapo na alumini inaliwa. Gari lililoishi Tanga au Mombasa, kwenye hewa ya chumvi, likaguliwe kwa ukali kuliko lililoishi Dodoma au Singida.

Kiraka kimoja kilichochomelewa vizuri si sababu ya kukataa gari. Viraka juu ya viraka ni jambo jingine. Uingereza bado kuna viwanda vinavyotengeneza chesisi mpya zilizochovywa kwenye zinki, lakini kuileta moja huku ni gharama ya meli, ushuru na kibali, na mara nyingi jumla yake huizidi bei ya gari zima linalotembea.

Karatasi nazo hazina huruma. Namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma chenyewe, upande wa kulia mbele, karibu na springi. Isomwe kwa macho, baada ya kusugua uchafu, kisha ilinganishwe na kadi ya gari au logibuku. Magari ya serikali na mashirika yaliyouzwa kwa mnada yanahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu yapo yaliyopita mikono mitatu au minne bila umiliki kuhamishwa. Mnunuzi athibitishe jina la mmiliki TRA akiwa Tanzania, au NTSA akiwa Kenya, kabla hajatoa hata malipo ya awali. Sheria pia inaongeza thamani ya gari lililokwisha sajiliwa nchini: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka minane, na Tanzania hutoza zaidi kwa magari yaliyozeeka. Aliyepoteza kadi ya gari la zamani hawezi kuagiza lingine kama hilo kwa urahisi.

Baada ya hapo ndipo boneti lifunguliwe. Injini ya zamani ya lita 2.25, ya petroli au ya dizeli, ni rahisi kuelewa na hustahimili mengi, ila ni ya polepole, na ile ya petroli hunywa lita moja kwa kilomita sita au saba. Injini ya 300Tdi, iliyoanza kufungwa mwaka 1994, ina nguvu zaidi, lakini hutegemea taimingi belti. Ikikatika, valvu hugonga pistoni. Muuzaji asipojua ilibadilishwa lini, mnunuzi ahesabu kwamba ataibadilisha yeye. Si ajabu pia kukuta injini ya Toyota au Isuzu imefungwa humo. Kazi hiyo inaweza kuwa nzuri, mradi namba ya injini ifanane na ya kwenye kadi, na nguvu mpya isizidi uwezo wa shafti za ekseli zilizotengenezwa kwa injini dhaifu.

Kwa wale wanaonunua foo-wili kwa sababu ya foo-wili yenyewe, ijaribiwe. Land Rover za zamani husukumwa na magurudumu ya nyuma mpaka kifundo cha njano kibonyezwe, na ule mkono mwekundu ndio unaoingiza gia za nguvu. Jaribio lifanywe kwenye vumbi au matope, maana kwenye lami kavu mitambo hukazana na inaweza kuumia. Katika 110, iliyotoka mwaka 1983, magurudumu yote manne huvuta wakati wote. Huko kinachojaribiwa ni kufuli ya difu ya katikati.

Breki zinastahili onyo zito. Mengi ya magari haya ya zamani yana mfumo mmoja wa maji ya breki kwa magurudumu yote, kwa hiyo paipu moja ikipasuka, hakuna breki hata kidogo. Mengine hayana mikanda ya usalama. Gari la namna hiyo lisibebe watoto wa mtu yeyote kabla paipu, mpira na silinda zote hazijabadilishwa.

Je, hesabu inalipa? Kwa biashara, mara chache. Gharama za kulifufua gari lililokaa juu ya mawe kwa kawaida huipita bei ya kununua lililo zima, na vitu vidogo vinavyokosekana, kama vioo vya kuteleza, bawaba, mita za dashibodi na vilele vya milango, humaliza pesa kimyakimya. Mkulima anayetaka gari la kuanza kazi mwezi ujao afadhali atafute Land Cruiser ya 70, ambayo imetengenezwa tangu 1984 na bado inatengenezwa, hivyo spea zake mpya zipo. Land Rover ya zamani inamfaa mwenye gari jingine la kila siku, mwenye pa kuiegesha chini ya paa, na aliye karibu na fundi anayeijua.

Huyo, akishainunua, aanze na breki na usukani, kisha chesisi, kisha injini. Kila kinachofunguliwa kipigwe picha kwa simu, nati zake ziwekwe kwenye kopo lenye jina, na fundi alipwe kwa hatua zilizokamilika. Rangi ije mwisho, baada ya gari kutembea miezi kadhaa kwenye njia mbaya, kwa sababu mivujo na nyufa za kuchomelea hujitokeza gari likiwa kazini, na kuzitengeneza hulazimu kufungua tena bodi.