Mafunzo Endelevu ya Mawakili wa Serikali na Suala la Lugha: Mfano wa Sumbawanga na Uwanda wa Juu wa Ufipa

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili na sheria nchini Tanzania umekuwa, kwa muda mrefu, mjadala wa istilahi. Tangu A.B. Weston alipotoa orodha yake ya istilahi za kisheria mwaka 1968, swali lililotawala ni iwapo Kiswahili kina maneno ya kutosha kubeba dhana za sheria zilizorithiwa kutoka Uingereza. Swali hilo lilikuwa na msingi wakati ule ambapo Kiswahili kilitumika katika mahakama za mwanzo, ilhali kumbukumbu na hukumu za mahakama za juu yake ziliandikwa kwa Kiingereza.

Mwaka 2021 hali ilibadilika. Bunge lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria (Sura ya 1) na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na pia lugha ya mahakama, mabaraza na vyombo vingine vya utoaji haki. Kiingereza kilibakizwa kwa hali maalumu ambapo maslahi ya haki yanakihitaji. Kwa hiyo, wakili wa Serikali aliyesoma shahada yake kwa Kiingereza anatakiwa sasa kujenga hoja zake kwa Kiswahili.

Makala hii inachunguza maana ya mabadiliko hayo kwa mafunzo endelevu ya mawakili hao, kwa kutumia mfano wa Sumbawanga na uwanda wa juu wa Ufipa mkoani Rukwa. Hoja ya msingi ni kwamba pengo kubwa halimo katika istilahi. Limo katika Kiswahili cha kawaida, kile ambacho wakili anaamini kuwa anakijua na ambacho, kwa sababu hiyo hiyo, hajawahi kufundishwa kukichambua.

2.0 Wakili wa Serikali na Mazingira ya Kazi Yake

2.1 Mgawanyo wa majukumu

Mwaka 2018 kazi za kisheria za Serikali ziligawanywa katika ofisi tatu: Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali inayosimamia mashauri ya madai na usuluhishi, na Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Kando ya hizo wapo wanasheria wa halmashauri. Marekebisho ya mwaka 2020 yaliwasogeza hawa karibu zaidi na ofisi za kitaifa, kwani anayetaka kuishtaki halmashauri hulazimika kutoa notisi ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali katika shauri, nalo husikilizwa Mahakama Kuu.

Kwa upande wa maendeleo ya kitaaluma, mawakili wa kujitegemea wamekuwa na Chama cha Wanasheria Tanganyika tangu mwaka 1954. Mawakili wa Serikali walipata chama chao, Chama cha Mawakili wa Serikali, mwaka 2022. Aidha, Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, hutoa mafunzo ya vitendo kwa wahitimu wa sheria, na Chuo cha Uongozi wa Mahakama kipo Lushoto. Vyombo vya kufundishia basi vipo. Jambo linalohitaji kujadiliwa ni kile kinachofundishwa.

2.2 Hali ya lugha Ufipa

Sumbawanga ni makao makuu ya Mkoa wa Rukwa na makao ya kanda ya Mahakama Kuu. Katika mkoa huu Kifipa kinaishi pamoja na Kimambwe na Kilungu, lugha ambazo pia zina wasemaji ng'ambo ya mpaka wa Zambia. Kuelekea Ziwa Rukwa kuna Kiwanda, na katika bonde la ziwa hilo Kisukuma kimeletwa na wafugaji-wakulima waliohamia huko katika miongo ya karibuni. Kiswahili ndicho kiunganishi cha wote hawa, lakini hakisemwi kwa namna moja. Kwa shahidi mzee wa kijijini kinaweza kuwa lugha ya pili. Kwa wakili aliyepangiwa kituo kutoka Dar es Salaam au Dodoma kinaweza kuwa lugha ya kwanza. Wawili hao hutumia maneno yale yale, na hapo ndipo tatizo linapojificha.

3.0 Mahali Ambapo Kiswahili cha Kawaida Huamua Shauri

Mifano ifuatayo imetungwa kwa ajili ya uchambuzi. Haikutolewa katika shauri lolote.

3.1 Hesabu ya wakati

(1) Waliingia zizini usiku wa Jumapili, saa nane.

Saa nane si tatizo kubwa. Kila msemaji hujua kwamba ni saa mbili baada ya usiku wa manane. Utata umo katika usiku wa Jumapili. Kwa hesabu ya zamani ya Kiswahili siku huanza jua linapotua, hivyo usiku wa Jumapili ni ule unaotangulia mchana wake. Kwa wengi waliozoea kalenda ya shule na ofisi ni usiku unaofuata mchana huo. Tofauti ni ya saa 24 kamili. Hati ya mashitaka ikitaja tarehe moja na shahidi akakusudia nyingine, utetezi wa kutokuwepo mahali pa tukio unaweza kusimama au kuanguka kwa sababu hiyo peke yake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inaruhusu hati irekebishwe wakati shauri likiendelea, lakini asiyeitambua tofauti hawezi kuomba marekebisho. Swali moja, yaani “usiku wa kuamkia siku gani?”, hutosha kuondoa utata.

3.2 Viambishi vya nafsi

(2) Maria alimkuta Petro shambani, akampiga, akakimbia.

Kiambishi a- hakibainishi jinsia, na mfululizo wa -ka- hauonyeshi iwapo mtenda amebadilika. Aliyekimbia anaweza kuwa Maria au Petro. Hakimu aliyeandika kumbukumbu kwa Kiingereza alilazimika kuchagua kiwakilishi cha kike au cha kiume, na kwa kuchagua alilazimika kuuliza, au kukisia. Kumbukumbu ya Kiswahili humwondolea ulazima huo. Inahifadhi maneno ya shahidi kwa uaminifu zaidi, na kwa uaminifu huo huo inahifadhi utata wake hadi mahakama ya rufani, ambako shahidi hayupo tena wa kuulizwa. Hivyo basi, kazi iliyokuwa ikifanywa na tafsiri inabidi ifanywe na maswali ya wakili shahidi angali kizimbani.

3.3 Vitenzi vya ardhi na usuluhishi

(3) Baraza lilituamua, nikapewa eneo la mtoni.

Kitenzi kuamua kina maana zaidi ya moja: kuwatenganisha wanaopigana, kumaliza ugomvi kwa maelewano, na kutoa uamuzi unaowafunga wahusika. Zamani tofauti hiyo haikuwa na uzito mkubwa katika mabaraza ya kata, kwa sababu yalikuwa na mamlaka ya kuamua. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 mabaraza hayo yanasuluhisha tu migogoro ya ardhi, na yakishindwa ndani ya siku 30 mhusika anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwanasheria wa halmashauri anayesoma muhtasari wenye neno limeamua lazima ajue iwapo ni maelewano yaliyoandikwa kwa lugha ya mazoea au ni hukumu iliyotolewa bila mamlaka.

Kitenzi kupewa nacho hakionyeshi muda wala aina ya haki. Aliyepewa shamba alime msimu mmoja wa mahindi na aliyepewa ardhi chini ya hatimiliki ya kimila, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, husema neno hilo hilo. Katika migogoro kati ya wakulima na wafugaji, anayedai kwamba “alipewa” na anayedai kwamba “alimpa” wanaweza wote kuwa wanasema kweli.

3.4 Tafsida na ahadi ya mtoto

Katika mashauri ya ubakaji, ambamo adhabu ya chini ni kifungo cha miaka 30, mashahidi hutumia tafsida kama vile kufanyiwa tabia mbaya. Mahakama ya Rufani imekubali katika hukumu kadhaa kwamba adabu ya lugha haiuondolei ushahidi uzito, mradi maana iwe wazi. Sharti hilo la mwisho ni la kiisimu. Tafsida hiyo hiyo inaweza kumaanisha kushikwashikwa au tendo lenyewe, na maelezo ya muktadha ndiyo yanayoibainisha.

Vilevile, tangu mwaka 2016 mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo baada ya kuahidi kusema ukweli na kutosema uongo. Ahadi ni tendo-uneni: hutendeka kwa kusemwa na anayeahidi. Mtoto anayeitikia “ndiyo” baada ya kuulizwa kama anajua maana ya uongo hajaahidi lolote, ameeleza anachokijua. Mahakama ya Rufani imewahi kukataa kuutegemea ushahidi wa watoto kwa sababu ahadi haikuchukuliwa ipasavyo. Mtoto aliyedhulumiwa hupoteza haki yake kwa kosa ambalo si lake.

4.0 Ukalimani

Sheria inataka mshitakiwa atafsiriwe ushahidi uliotolewa kwa lugha asiyoifahamu. Ufipa hili lina ugumu wake. Kifipa, Kimambwe na Kilungu huwekwa pamoja katika kundi la M.10 la uainishaji wa lugha za Kibantu, na ukaribu huo hushawishi kuamini kwamba anayejua mojawapo anaweza kuwakalimania wasemaji wa zote. Maneno yanayofanana kwa umbo na kutofautiana kwa maana ni hatari zaidi kuliko maneno mageni, kwa kuwa hayamshtui msikilizaji. Wakili hahitaji kuzijua lugha hizi. Anahitaji kujua kuuliza mkalimani anazungumza lugha ipi hasa, kuuliza maswali mafupi yenye hoja moja, na kutambua jibu refu la shahidi linaporudi likiwa sentensi moja.

5.0 Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu, mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, mafunzo ya Kiswahili cha sheria yasiishie katika orodha za istilahi. Yajumuishe semantiki na pragmatiki ya ushahidi. Pili, yaandaliwe kwa ushirikiano wa wanasheria na wanaisimu, kwa kuihusisha TATAKI na BAKITA, ili istilahi zinazosanifiwa zijaribiwe katika kumbukumbu halisi za mashauri. Tatu, yafanyike kituoni. Sumbawanga iko zaidi ya kilomita 300 kwa barabara kutoka Mbeya, na ofisi yenye mawakili wachache hairuhusu wengi kuondoka kwa pamoja. Kikao cha kila mwezi cha kusoma mwenendo wa shauri lililokwisha kinawezekana bila gharama kubwa. Nne, wakili anayehamia mkoani apewe maelezo mafupi ya hali ya lugha ya eneo hilo kama anavyokabidhiwa majalada.

Inaweza kupingwa kwamba wakili mwenye uzoefu huyajua haya bila kufundishwa. Ni kweli kwamba uzoefu hufundisha, lakini hufundisha kwa mashauri yaliyoharibika, na kila shauri la namna hiyo lina mlalamikaji na mshitakiwa wake. Isitoshe, uzoefu huondoka na wakili anapohamishwa, ilhali mafunzo hubaki ofisini.

6.0 Hitimisho

Mabadiliko ya mwaka 2021 yalimaliza swali la lugha ipi itumike na yakafungua swali la namna ya kuitumia. Rejea nyingi za sheria zingali kwa Kiingereza, na kazi ya istilahi itaendelea. Hata hivyo, mfano wa Ufipa unaonyesha kwamba uhuru wa mtu au shamba la familia vinaweza kutegemea maneno ya kawaida kama usiku, kupewa na kuamua. Mwananchi wa Laela au Matai ana haki ya kueleweka kwa Kiswahili anachokisema. Wajibu wa kukielewa ni wa wakili, na wajibu wa kumwandaa wakili ni wa taasisi zinazomfundisha.